Makossa, "Sina Makosa" na Mirathi ya Waimbaji

Neno makossa likitajwa mbele ya Mswahili, la kwanza linalomjia akilini ni makosa. Si ajabu. Kiduala, lugha ya wenyeji wa bandari ya Douala nchini Kameruni, ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili chetu, na sauti zake si ngeni masikioni mwetu. Lakini huko kwao makossa ni dansi: besi nzito, gitaa jepesi, na mwimbaji anayebembeleza. Dansi hiyo imewapa walimwengu burudani kubwa, na waimbaji wake wengi ikawapa riziki ndogo. Na kwa sadfa tu, mojawapo ya vibao vilivyotia fora kupita vyote vilivyopigwa Nairobi kinaitwa "Sina Makosa".

Mpitaji wa Riruta hatakosa kukisikia. Jioni magari ya namba 46 yanapoingia Kawangware, vinyozi wa Satellite, wauza mitumba na wakaanga samaki wa huko Kibera huwa wamefungua redio, na Jumapili hasa ni siku ya zilizopendwa. Anayetaka nyimbo zake mwenyewe huenda kibandani na flashi yake, kijana wa kompyuta akamjazia za Simba Wanyika, Les Wanyika na Super Mazembe, na akitaka, makossa ya Kameruni pia, kwa fedha isiyozidi chai na maandazi. Kijana huyo hatumlaumu sana, naye anatafuta unga. Swali letu ni moja: katika fedha hiyo aliyeimba anapata nini? Na kama amekwisha kufa, watoto wake wanapata nini?

Tuanze na makossa yenyewe, maana huko ndiko jambo hili lilikofikishwa mbele ya hakimu.

Manu Dibango alizaliwa Douala tarehe 12 Desemba 1933. Mwaka 1949, akiwa kijana wa miaka 15, wazazi wake walimpeleka Ufaransa kusoma, na mkononi alikuwa na kilo tatu za kahawa za kusaidia kulipa ada. Huko ndiko alikoijua saksafoni. Mwaka 1960 mjini Brussels alikutana na Joseph Kabasele, kiongozi wa African Jazz, na mwaka uliofuata akafuatana naye hadi Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Kwa hiyo asitokee mtu akasema makossa ni jambo la mbali lisilotuhusu. Mabwana hawa walikula sahani moja na Wakongo, na Wakongo ndio waliokuja kuijaza Nairobi muziki.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Dibango alitakiwa atoe wimbo wa mashindano, akautoa, na upande wa pili wa santuri akaweka kipande alichokiita "Soul Makossa". Kombe lilichukuliwa na Kongo-Brazzaville, wimbo wa kombe ukasahauliwa, lakini kile kipande cha upande wa pili kikavuka bahari. Wapiga santuri wa New York wakakipenda, na mwaka 1973 kikaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Marekani, kikafika nafasi ya 35. Kwa Mwafrika, enzi hizo, hilo lilikuwa jambo la kusimulia.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1982, Michael Jackson alitoa santuri yake ya "Thriller". Wimbo wa kwanza kabisa katika santuri hiyo unamalizikia kwa kibwagizo ambacho kila aliyeijua "Soul Makossa" alikitambua mara moja. Dibango hakuwa ameulizwa. Alidai haki yake, na mwaka 1986 mambo yakamalizwa kwa kulipana nje ya mahakama. Mwaka 2007 kibwagizo kile kile kikatokea tena, safari hii kwa mwimbaji Rihanna. Ruhusa ilikuwa imeombwa kwa Jackson! Mwenye shamba yupo hai, na mgeni anapewa ruhusa ya kuvuna na mgeni mwenziwe. Ikabidi mzee wa watu, aliyekwisha kupita miaka 70, arudi mahakamani Ufaransa. Mwaka 2008 alipata amri ya kutaka jina lake liandikwe kwenye wimbo huo unapouzwa huko. Mwaka 2009 alipodai zaidi, akaambiwa alikwisha kupata alichokitaka. Alifariki dunia Ufaransa tarehe 24 Machi 2020 kwa maradhi ya korona, akiwa na umri wa miaka 86.

Dibango aliweza kudai kwa sababu aliishi Paris, alikuwa na wakili, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi kuwa ndiye mtunzi. Wenziwe wengi wa makossa hawakuwa na bahati hiyo. Eboa Lotin, ambaye mguu wake ulilemaa tangu utotoni, alipendwa sana kwao hadi alipofariki mwaka 1997, lakini huku kwetu ni wachache wanaolijua hata jina lake. Ekambi Brillant, aliyetamba tangu miaka ya 1970, alifariki Desemba 2022. Sam Fan Thomas ndiye aliyewachezesha watu Afrika nzima mwaka 1984 kwa "African Typic Collection", na wengi waliocheza wakadhani ni Mkongo. Lapiro de Mbanga yeye alilipa kwa mwili wake: alifungwa mwaka 2008 baada ya kuimba dhidi ya kubadilishwa kwa katiba ya nchi yake, akatoka mwaka 2011, na mwaka 2014 akafia uhamishoni Marekani.

Sasa turudi nyumbani, na nyumbani kwa habari hii ni Tanga.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walianzia Jamhuri Jazz ya Tanga katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, na huko ndiko lilikozaliwa jina la Simba Wanyika. Watu wazima wa Mombasa wanayakumbuka hayo. Katikati ya miaka ya 1970 wakapanda bara kwenda Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na studio, mitambo ya kuchapa santuri na wanunuzi. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walikwenda kucheza ugenini.

Mwezi Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hebu fikirini hali ya kijana wa Tanga aliye Nairobi miaka hiyo. Kwao ni safari ya siku moja, na hawezi kwenda kuzika mzazi kwa njia ya kawaida. Anaimba Kiswahili safi cha Pwani katika mji ambao polisi wanaweza kumwuliza kibali chake cha kazi saa yoyote. Ni katika hali hiyo, Novemba 1978, ndipo kundi la wapigaji lilipojitenga na Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika. Walikuwamo Omar Shabani, aliyeitwa Profesa kwa namna alivyolicharaza gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa ngoma; kisha wakaingia Issa Juma na John Ngereza. "Sina Makosa" ikatoka, na mji wote ukasimama. Ukilisikiliza gitaa la Profesa leo utaona hakuna haraka hata chembe. Ni kama mtu anayetembea ufukweni baada ya Alasiri.

Mwanamuziki wa bendi hakai Muthaiga. Anakaa palipo na chumba cha kukodi cha bei nafuu, na gari la kumrudisha usiku wa manane. Ndiyo sababu habari ya muziki wa Nairobi haiwezi kutenganishwa na mitaa ya aina ya Riruta, Kawangware na Kibera, na hata leo Wakongo wengi waliokimbilia Nairobi wanaishi Kawangware, Kabiria na Satellite, na miongoni mwao wamo wapiga magitaa.

Mwisho wa Wanyika ulikuja haraka. George Kinyonga alifariki Desemba 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995. Omar Shabani alifariki mwaka 1998 na John Ngereza mwaka 1999. Vifo hivyo vilitokea kabla nyimbo hazijaanza kuuzwa kwenye simu na intaneti. Yaani soko kubwa la nyimbo zao lilifunguliwa wenyewe wakiwa kaburini.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wa Pwani watusikilize kwa makini. Katika majina hayo mna Omar, Rashid na Issa. Muislamu akifa, mali yake ina wenyewe, na mafungu yamekwisha kupangwa. Tumezoea kuhesabu nyumba, minazi, chombo, fedha za benki, hata cherehani ya marehemu. Nani amewahi kusikia familia imekwenda kwa kadhi na orodha ya nyimbo? Na sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba haki hiyo ni mali inayohamishika, na hurithiwa kama mali nyingine. Mtunzi akifariki, haki ya utungo wake huendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Basi utungo wa mtu aliyefariki mwaka 1998 una mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2048. Kuuacha bila kuuhesabu ni kuwapunguzia warithi, na pengine warithi hao ni mayatima.

Wako watakaosema fedha za dansi hazifai kuingia katika mirathi. Hilo ni la masheikh, nasi hatutawaingilia. Lakini hoja hiyo haiwezi kuwa ruhusa kwa mtu mwingine kuzichukua. Wala jambo lenyewe haliishii kwenye dansi. Kaseti za taarabu za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, zilinakiliwa Lamu, Mombasa, Unguja na hata Maskati, na kila aliyenakili aliona anamfanyia hisani mshairi. Kaswida za madrasa zetu leo ziko katika intaneti kwa jina la yeyote aliyezipandisha. Nao Them Mushrooms, vijana wa Mombasa, waliitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na mwaka uliofuata tu Boney M wakawa nayo Ulaya. Kila mtalii anaijua, lakini mwulize mtalii huyo kama amewahi kusikia jina la Teddy Kalanda Harrison.

Chama cha kukusanya haki za wanamuziki, MCSK, kipo Kenya tangu mwaka 1983, na magomvi yake na serikali yamejaza magazeti. Mwaka 2017 kilinyimwa leseni na kazi ikapewa chama kingine, na tangu hapo wanamuziki wameendelea kulalamika kwamba kinachowafikia ni kiduchu. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila sisi twaona yanaficha upungufu wa upande wetu. Chama, hata kingekuwa chaminifu namna gani, hakiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari. Bendi ina jina moja, na waliotunga ni wanne au watano, na huyu katunga huu na yule katunga ule. Tazameni santuri ya zamani: chini ya jina la wimbo, mara nyingi ndani ya mabano, limeandikwa jina la mtunzi kwa herufi ndogo. Karatasi ile ya duara ni hati. Familia iliyotupa santuri za baba kwa kuwa gramafoni iliharibika imetupa ushahidi.

Watu wa Kibera wanalijua somo la hati kuliko wengi wetu. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari Waislamu wa King's African Rifles, walikaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga na msikiti pale Makina, na kwa muda wote huo wakahesabiwa kuwa wapangaji wa serikali. Hati ya ardhi yao, ekari 288, waliipokea mwaka 2017. Ilichukua zaidi ya miaka 100, na waliokuwa wakiidai kwanza hawakuiona. Lakini ardhi haina siku ya kumalizika, mdai wa ardhi anaweza kusubiri.

Wimbo hausubiri. Utungo una ile miaka 50 ya baada ya kifo, lakini santuri yenyewe, yaani sauti iliyorekodiwa, ina hesabu yake mbali: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, mwimbaji awe hai au amekufa. Nyimbo zile za Nairobi tunazozipenda nyingi zilirekodiwa kati ya mwaka 1975 na 1985. Zilizorekodiwa mwaka 1975 zimekwisha kutoka mikononi mwa wenyewe mwisho wa mwaka 2025, na zile za mwaka 1979 zitatoka tarehe 31 Desemba 2029. Kama mnayo jamaa aliyepiga gitaa, tumba au tarumbeta katika bendi yoyote ya miaka ile, fungueni kasha lake mtazame kuna karatasi gani humo.