Ratiba ya kusomea nyumbani: nani anachota maji?

Nilipotea kidogo, nilikuwa Magamba, Manispaa ya Mpanda, nyumbani kwa dada yangu. Leo naomba tuongelee jambo nililolikuta huko, maana limenikaa kichwani na nadhani wengi mna ndugu wa aina hii.

Mpwa wangu aliacha shule mwaka 2019 akiwa kidato cha pili. Sababu mmeshaibashiri. Mimba. Wakati ule ukishapata mimba, shule ya serikali ndiyo basi tena. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na hakuwa tayari kukaa dawati moja na watoto waliokuwa madarasa ya nyuma yake. Simlaumu. Sasa mtoto amekua, na mama mtu ameamua kusomea nyumbani afanye mtihani wa maarifa, ule wengi wanaouita QT. Huu ni wa Baraza la Mitihani, hufanyika Novemba, na ukifaulu unaruhusiwa kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne.

Wenzetu Marekani kusomesha mtoto nyumbani ni uamuzi wa mzazi asiyeipenda shule. Kwetu mara nyingi ni njia ya aliyefungiwa shule, au aliyefeli anayerudia. Kwa hiyo miongozo mingi ya kupanga ratiba ukiisoma unaona kabisa haikuandikwa kwa ajili yako. Mwandishi ana mama anayeshinda nyumbani, meza, umeme, na watoto wasio na kazi nyingine zaidi ya kusoma.

Na mimi nilifanya kosa hilo hilo. Nikanunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, nikakaa usiku mzima (najivunia mwandiko wangu, nisamehewe). Nikainakili ratiba ya shule niliyosoma: vipindi 8 kwa siku, dakika 40 kila kimoja, Jumatatu mpaka Ijumaa. Piga hesabu, ni karibu masaa 27 kwa wiki. Juu yake nikaongeza kujisomea kuanzia saa 11 alfajiri.

Haikufika Jumatano. Kwanza saa 11 alfajiri ya Mpanda ni usiku. Sisi wa Dar tunasahau kwamba saa ni moja lakini jua si moja. Mpanda iko mbali magharibi, jua linachelewa kama nusu saa hivi, na mwezi wa saba linachomoza saa moja imeshapita. Halafu likichomoza kuna kufagia, chai, kumwandaa mtoto, shamba, maji, chakula cha mchana, vyombo. Jumanne jioni nikamuuliza mbona vipindi vinne vimepita. Akaniangalia kwa upole tu. "Mjomba, hii ratiba ni ya mtu anayepikiwa."

Nilinyamaza. Ningesema nini?

Basi tukaanza upya, safari hii bila kalamu za rangi. Nikamwambia aandike kwanza kazi zake zote za wiki, masomo baadaye. Karatasi ikajaa pande mbili. Tulipotazama palipobaki peupe, tukapata saa 9 alasiri, vyombo vikishaoshwa, mpaka saa 11 ambapo anakwenda kuchota maji. Hapo ndipo tukaweka hesabu na sayansi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kukiwa bado na mwanga na kichwa hakijachoka sana. Jumanne usiku, saa moja na nusu kwa taa ya sola, ni Kiswahili, uraia na historia, yaani masomo ya kusoma zaidi kuliko kukokotoa. Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi ni mtihani wa miaka ya nyuma, masaa matatu, simu imezimwa, kama vile msimamizi yupo. Jumapili ni kanisa na kupumzika, ila jioni anatenga dakika chache kuangalia wiki ilivyokwenda.

Alhamisi tumeiacha tupu kwa makusudi, yeye anaiita siku ya madeni. Kipindi kilichokufa kwa sababu ya msiba, mgonjwa au mgeni kinalipwa siku hiyo. Ratiba isiyo na siku ya madeni inakufa wiki ya kwanza, maana ukishakosa vipindi viwili unaona umeshaharibu, unaacha vyote.

Kiingereza hakina siku yake, kipo kila siku nusu saa, kwa sauti. Hapa naomba tusidanganyane. Mtoto wa shule zetu za serikali anasoma msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari anaambiwa aeleze usanisinuru kwa Kiingereza. Darasani walau mwalimu atafafanua kwa Kiswahili. Nyumbani ni wewe na kitabu tu. Vitabu vyenyewe vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila bando ni lako, kwa hiyo pakua siku ukiwa na salio.

Jumla ni kama masaa 14 kwa wiki. Machache? Ndiyo. Lakini yapo kweli, si ya kwenye manila.

Kitu kingine nilichokuwa sijakifikiria ni msimu. Mtihani ni Novemba, na Novemba ndiyo mvua za Katavi zinaanza, watu wote wako shambani wanapanda mahindi. Kwa hiyo mada mpya zote zimalizike kiangazi, Juni hadi Septemba, mavuno yakishaingia ndani. Oktoba ni marudio tu. Anayesubiri kukaza mwishoni, kama tulivyozoea sisi wa bweni, atakuta jembe linamsubiri.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma. Jirani ana kijana anayerudia hesabu na Kiingereza cha kidato cha nne. Yeye hakuhitaji ratiba ya kazi za nyumbani, maana hana. Alipotangaza anasoma, nyumba nzima ikanyamaza, hata redio ikapunguzwa. Mpwa wangu alipotangaza, akaambiwa "hongera mwanangu, ila usisahau maji". Mnakumbuka shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona mpaka mwisho wa Juni? Vipindi vikawekwa redioni na kwenye televisheni, na wazazi tukabandika ratiba ukutani. Najiuliza ni wasichana wangapi walivisikiliza vile vipindi wakiwa jikoni.

Mimi naona mzazi akisema anamsaidia binti yake kusoma, nimuulize swali moja tu: nani anachota maji saa yake ya hesabu? Kama hajui, hakuna ratiba hapo, kuna pambo la ukutani.

Dada yangu swali hilo hakulipenda. Tulilijadili usiku mzima, na kidogo tukose amani. Mwisho ikaamuliwa mdogo wake, aliye kidato cha pili shule ya kutwa, awe anachota maji siku tatu za hesabu akirudi, ili saa 11 ikifika dada yake asikatishe swali katikati. Dogo alinuna mno. Akasema wenzake watamcheka kisimani. Nikamwambia na wewe una mtihani wa taifa mwaka huu, siku zinazobaki kaa na dada yako msome meza moja. Hakunijibu.

Juzi Jumatano nilipiga simu ya mpwa wangu saa 10 alasiri. Akapokea dogo, anahema, nasikia ndoo zinagongana. "Mjomba, dada yuko kwenye hesabu. Piga saa 11."