Barabara za Tabora hazitaki gari lililoshushwa

Toyota IST imependwa sana na vijana wetu, na wenye Vitz, Passo na Raum nao hawako nyuma. Gari likishatoka bandarini na kupata namba, mwenyewe huanza kulitafutia sura: springi fupi za kulishusha, rimu kubwa za sport, matairi yenye ukuta mwembamba. Magari ya namna hiyo yanapendeza macho, na sina ugomvi na mtu anayetaka gari lake lipendeze. Lakini kwa anayeishi Tabora, au ambaye riziki yake iko kati ya Nzega, Sikonge, Urambo na Kaliua, kulishusha gari dogo ni kutoa fedha ili upunguziwe kitu ambacho barabara za huku hukidai kila siku, yaani nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi.

Tuanze na hesabu. Magari madogo mengi ya Kijapani hutoka kiwandani yakiwa na nafasi ya takriban sentimita 15 chini yake. Springi za kushushia zinazouzwa madukani hupunguza kama sentimita 3, kwa hiyo zinabaki 12, na hapo gari ni tupu. Pakia watu wanne, weka madumu ya asali na gunia la karanga kwenye buti, nyuma inashuka tena. Kinachokaribia ardhi si bampa peke yake. Kuna bomba la egzosi, na kuna sampo inayobeba oili ya injini. Sampo ikigonga jiwe ikapasuka, oili humwagika kimyakimya, na dereva asiyeiona taa nyekundu kwenye dashibodi huendelea kukanyaga mafuta mpaka injini inanoki. Injini nzima inakwenda kwa ajili ya sentimita 3.

Upande wa magurudumu nao una hesabu yake. Tairi lililoandikwa 175/65R14 lina upana wa milimita 175, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, sawa na sentimita 11.4 za mpira na upepo kati ya rimu na lami. Anayetaka rimu ya inchi 16 bila kubadili kimo cha gurudumu zima atafungiwa 195/45R16. Kimo kinabaki karibu sentimita 58 kama awali, ila ukuta umeshuka hadi sentimita 8.8. Huo ukuta ndio unaopokea pigo la kwanza gurudumu linapotumbukia shimoni, kabla springi na shokapu hazijaanza kazi. Ukiwa mfupi, mpira hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache tairi linatoa uvimbe ubavuni. Rimu yenyewe hupinda au kupata ufa, kisha hupelekwa kuchomelewa na kurudishwa barabarani kubeba abiria kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hilo la rimu za kuchomelewa linanitisha kuliko yote niliyoyataja.

Na hapo nimezungumzia springi za dukani. Wengi hawazinunui; hukata zile za kiwandani kwa gesi au kwa gurudumu la kukatia vyuma. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikiondolewa mmoja haifupiki tu, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na moto wa gesi huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Shokapu iliyotengenezwa kwa springi ndefu sasa inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, ikigonga raba yake kila tuta. Pembe za magurudumu zimebadilika pia. Piga magoti kando ya gari la namna hiyo lililokwenda miezi kadhaa bila kupimwa alaimenti, utaona tairi la mbele likiwa na kashata nzuri upande wa nje, huku upande wa ndani limelika hadi nyuzi zinaonekana. Aliyesimama wima halioni hilo.

Najua jibu ambalo wapenzi wa magari ya chini wanalo mkononi: gari likiwa chini linashika barabara vizuri. Hoja hii ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Uzito ukiwa chini, gari halilali sana kwenye kona. Ila faida hiyo inategemea tairi libaki limegusa ardhi. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, springi ngumu hulifanya gurudumu lirukeruke badala ya kufuata mabonde na vilima vidogo vya njia, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Isitoshe, uwanda wa Unyamwezi hauna kona nyingi za kuogopa. Hatari za huku ni ng'ombe wanaokatiza jioni, lori lililoharibika bila taa, na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa. Dhidi ya hayo, kinachomwokoa dereva ni mwendo wa kiasi, breki nzima na matairi mazuri.

Wengine watasema lami imefika. Kweli imefika, na ni jambo la kushukuru: kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85 zilizokuwa zikiwatesa wasafiri wa kwenda Manyoni, sasa ni lami, na njia ya kwenda Mpanda kupitia Sikonge nayo imejengwa. Lakini lami ya Tanzania hupita vijijini, na kila kijiji kina rasta na matuta yake, mengine yamejengwa kwa kimo cha kushangaza. Tena safari haiishii kwenye lami. Mtu anatoka barabara kuu anaingia mtaani Isevya au Ipuli, anakwenda msibani ndani ya Uyui, anashuka mbugani kwenye udongo mweusi ambao kuanzia Novemba hugeuka tope na ukikauka huacha makorongo ya magurudumu ya malori. Japani kwenyewe, ambako barabara ni laini kuliko zetu, ukaguzi wa magari haukubali nafasi iliyo chini ya sentimita 9. Wao wameweka kikomo kulingana na barabara zao. Sisi tunachukua mtindo wao na kuacha kipimo.

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Tabora na kuendelea Ujiji, ilikwisha kuwafundisha wageni somo hilo la kuchagua chombo kulingana na njia. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua: mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, vitambaa vikafungwa kwa umbo refu jembamba ili vipite kwenye vijia vya msituni. Wamisionari wa London walipotaka kuachana na wapagazi, mwaka 1877 walileta mikokoteni ya ng'ombe kwa mfano wa Afrika Kusini; ng'ombe walikufa kabla msafara haujafika mbali. Mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walishusha pwani tembo wanne kutoka India ili wabebe mizigo hadi Ziwa Tanganyika, na wengi wao njia iliwamaliza. Ng'ombe na tembo hao walikuwa wanyama wenye nguvu, kwao walifanya kazi vizuri. Waliowaleta walianza na chombo wanachokipenda, na njia wakaifikiria baadaye.

Simaanishi kwamba gari linyanyuliwe. Kusukumia spesa nene juu ya springi hupinda maungio ya shafti kupita kiasi na kulifanya gari liyumbe. Kimo cha kiwandani, kikitunzwa, kinatosha kwa dereva mwenye subira. Shida ni kwamba magari mengi tunayoyapata yamekwisha kutembea miaka zaidi ya kumi, springi zimelegea na yameshashuka yenyewe. Mwenye fedha za kupendezesha gari aanze hapo: shokapu mpya, springi zenye kimo cha asili, bushi na tairodi zilizochoka zibadilishwe, kisha alaimenti ipimwe. Fedha zikibaki, anunue rimu nzuri za kipimo kilekile cha kiwandani. Rangi na umbo viko vingi, na gari litavutia bila kupoteza ukuta wa tairi. Kabla fundi hajafunga tairi lolote, hasa lililotumika, asome tarakimu nne zilizo ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na ile Wiki ya Nenda kwa Usalama, askari wanapokagua magari na kubandika stika, ukaguzi usiishie kwenye taa, wipa na kizimamoto. Wainame watazame springi kama zimekatwa, rimu kama zimechomelewa, na upande wa ndani wa matairi ya mbele.