Mwacheni asome katuni

Mzazi akimkuta kijana wake wa miaka 14 na kitabu cha katuni, humwambia aache michoro ashike kitabu. Kitabu si anacho tayari mkononi?

Anayebisha aanze na The Arrival cha Shaun Tan, kilichotoka 2006. Ni safari nzima ya mhamiaji, bila maelezo hata sentensi moja. Msomaji hufasiri uso, kivuli, mkono unaofunga sanduku. Hiyo si kazi ya mvivu. Kwa wakubwa kidogo, wa sekondari, tunapendekeza Aya, hadithi za Marguerite Abouet zilizochorwa na Clément Oubrerie: wasichana watatu wa Abidjan ya miaka ya 1970, na mapenzi, umbea na wazazi wao. (Mama naye atakiiba kitabu hicho akisome usiku.)

Wadogo wana vitabu vya mchoraji John Kilaka, ambaye wanyama wake wa mtindo wa Tingatinga wana rangi kali kama kanga za sikukuu. Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi, naye amechorwa na mchora katuni Gado.

Shida ni kuvipata, maana maduka mengi yamejaza vitabu vya kiada. Wakutubi wa shule, tengeni rafu moja ya vitabu vya michoro, na iwe ya chini, mtoto aifikie.