Anayekanyaga Baiskeli Naye Ana Haki ya Barabara



Katika majimbo yetu ya Musoma na Bunda, mwenye gari huhesabiwa kuwa ameendelea, na mwenye baiskeli kuwa ameachwa nyuma. Kipimo hiki si cha haki. Katekista anayezungukia vigango, mchuuzi wa dagaa, fundi anayewahi kazini Musoma mjini: hawa hutumia nguvu zao wenyewe, wala hawaichafui hewa anayoivuta jirani.

Huko Uholanzi, nchi tajiri, wapo waendao kazini kwa vyombo vya kukanyaga vya magurudumu matatu, vilivyofunikwa bodi ya kumkinga mtu na mvua na upepo. Nasi Tanzania tunalo guta la kubebea mizigo. Fundi anayeliunda hashindwi kuliwekea paa.

Lakini chombo bila njia hakifai kitu. Katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari kupitia Bunda, mwendesha baiskeli husukumwa pembeni na mabasi na malori. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba wingi wa magari huchafua hewa na kudai barabara na maegesho zaidi, yanayoharibu sura ya miji.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei: barabara inapojadiliwa katika mkutano wa kijiji au baraza la madiwani, ulizeni njia ya baiskeli iko wapi. Barabara hujengwa kwa kodi ya wote. Asiye na gari naye ameilipia.