Tembo la asubuhi na ndakala

Nikiulizwa mvinyo mweupe wa kwetu ni upi, sitaji ule wa zabibu wa Dodoma, ingawa ni mzuri. Nataja tembo la mchikichi, linaloshuka na mgema asubuhi, jeupe kama maji ya mchele, likivunja povu ndani ya kibuyu. Huku mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, joto halingoji mtu: utomvu huanza kuchacha mara tu unapotoka mtini, kwa sababu chachu ipo tayari hewani na ndani ya chombo chenyewe. Saa tatu tembo bado ni tamu, mchana linachoma ulimi kidogo, jioni ni kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Kwa hiyo anayetaka kulinywa na chakula afuate saa, wala si chupa. Mimi hulitaka la mchana, uchachu ukiwa umeingia na utamu haujaisha, na pembeni ndakala, yaani dagaa, wabichi waliokaangwa kwa mawese pamoja na ugali wa muhogo. Mawese ni mazito, hubaki kinywani. Uchachu ule huyakata, na ndakala anaonekana upya kila tonge. Samaki mkebuka wa kuchoma, aliye na mafuta yake mwenyewe, anataka la jioni. Sombe nayo, yaani kisamvu, yenye chumvi na pilipili, inataka tembo tamu la mapema. Na tafadhali, wauzaji, msitie maji wala sukari: mnaua ule uchachu tuliokuja kuutafuta.