Hesabu ya Majeraha Inayowapunja Askari

Mwanajeshi wa Marekani anapovua sare akiwa na majeraha, serikali yake haitosheki kumuuliza anaumwa wapi. Humpima, kisha humpa nambari. Nambari hiyo, ambayo huanzia sufuri na kupanda kwa kumikumi hadi 100, ndiyo huamua atalipwa ridhaa kiasi gani kila mwezi na iwapo mkewe na watoto watahesabiwa. Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Kati ya 2009 na 2016 jeshi hilo lilikuwa na mpango wa kuwasajili wageni wenye ujuzi wa lugha maalumu, Kiswahili kikiwemo, na wapo Wakenya waliovaa sare hiyo. Jamaa zao huku nyumbani wakisikia kwamba kijana amepewa asilimia 70 hudhani amekaribia kupata yote. La hasha!

Hebu tumchukulie askari mwenye madhara matatu yaliyotokana na kazi yake: la kwanza limepimwa asilimia 50, la pili 30, la tatu 20. Mtoto wa shule ya msingi atakwambia kuwa jumla ni 100. Wakuu wa idara ya wanajeshi wastaafu hawahesabu hivyo. Wao husema mtu mzima ni 100. Ukimwondolea 50 amebaki nusu, na lile dhara la pili hula asilimia 30 ya nusu hiyo, yaani 15. Amefika 65 na kubakiwa na 35, na asilimia 20 ya 35 ni 7. Jumla ni 72, nayo hushushwa hadi 70. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, askari asiye na wategemezi aliyepimwa 70 alilipwa takriban dola 1,759 kwa mwezi, ilhali yule wa 100 alilipwa 3,831.

Kwa kweli sina ugomvi mkubwa na kanuni hiyo, maana haiwezekani mtu awe mlemavu kwa asilimia 140. Ugomvi wangu uko kwenye ngazi za malipo. Katika viwango hivyo hivyo, kupanda kutoka 80 hadi 90 kulileta nyongeza ya dola 253 hivi. Kutoka 90 hadi 100 nyongeza ilikuwa dola 1,533! Sasa fikiria, msomaji, askari ambaye hesabu yake imefikia 94. Huyo hushushwa hadi 90, naye mwenzake wa 95 hupandishwa hadi 100. Pointi moja, ambayo hata daktari hawezi kuiona kwa macho, inawatenganisha watu hawa kwa zaidi ya dola 18,000 kwa mwaka.

Upo mlango wa kando kwa yule ambaye majeraha yamemzuia kufanya kazi ya kujikimu. Anaweza kulipwa kama wa 100 iwapo ana dhara moja la asilimia 60, au jumla ya 70 ambamo dhara moja limefikia 40. Lakini ni lazima athibitishe kwamba hawezi kazi, na kuthibitisha ndiko kwenye taabu.

Vipimo vyenyewe navyo vina vituko vyake. Mgongo, kwa mfano, hupimwa kwa nyuzi anazoweza mtu kuinama mbele. Asiyeweza kuvuka nyuzi 30 hupewa asilimia 40. Anayefika 31 huweza kuishia 20. Kwa hiyo askari aliyeamka vizuri siku ya kupimwa, au aliyejikaza kiume mbele ya daktari kama alivyofunzwa kambini, hujipunguzia ridhaa yake kwa nusu.

Isitoshe, aliye chini ya 30 halipwi senti ya ziada kwa ajili ya mke wala watoto. Aliyetumikia jeshi miaka 20 lakini akapimwa chini ya 50, aghalabu hukatwa katika pensheni yake kiasi kile kile anachopewa kama ridhaa; afueni iliyoanza 2004 iliwalenga waliofikia 50 na zaidi. Hata sufuri ina maana yake: serikali imekiri kwamba dhara lilitokana na jeshi, ila halijastahili malipo. Likizidi baadaye, askari hahitaji tena kuthibitisha chanzo chake.

Wapo wanaodai kuwa wastaafu wengi hujitia ugonjwa. Yamkini wapo walaghai, kwani hakuna mfuko wa serikali usio na wadokozi. Hata hivyo, ngazi yenye mruko wa dola 1,533 mwishoni inamshawishi hata mwaminifu kuyakuza maumivu yake. Malipo yangepanda polepole kwa kila pointi, kishawishi hicho kingepungua, na yule wa 94 asingeadhibiwa.

Mpaka hapo, karatasi ndiyo silaha ya askari. Sharti aonyeshe ugonjwa alio nao sasa, tukio lililompata akiwa kazini, na maoni ya tabibu yanayounganisha mambo hayo mawili. Vijana wetu wengi huficha goti lililoteguka wasije wakaonekana dhaifu, kisha hulitafuta kwenye faili miaka kumi baadaye na wasilione. Anayewasilisha dai katika mwaka wa kwanza baada ya kuacha jeshi, na likakubaliwa, huhesabiwa haki yake tangu siku iliyofuata kuondoka kwake. Anayechelewa, kwa kawaida huhesabiwa tangu siku alipodai.