Ghala Moja kwa Kompyuta Zetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili, nipate kusema neno juu ya ubishi uliomo katika chumba chetu cha kompyuta. Huyu asifu Debian, yule Fedora, wa tatu Arch, na kila mmoja ataka kompyuta zote ziwekwe aina yake ya Linux. Mimi nasema: zote ni njema, lakini nyumba moja haihitaji maghala matatu.

Kwa wasiojua mambo haya, yafaa nieleze. Kila aina ya Linux ina ghala lake, ambamo programu zimefungwa vifurushi na kutiwa sahihi na watunzaji. Ina na karani wa kuzileta: kwa Debian na Ubuntu ni apt, kwa Fedora ni dnf, kwa Arch ni pacman. Ukiomba programu moja, karani huangalia inategemea zipi nyingine, akazileta pamoja.

Sisi wa Gisenyi mfano tunao mlangoni. Nyanya za kwetu na nyanya za Goma ni zile zile, lakini ukivuka Petite Barrière, faranga ni nyingine na karatasi ni nyingine. Ndivyo ilivyo programu moja katika maghala mawili.

Sisemi haya kwa hekima. Nasema kwa kuwa nimeungua. Muhula uliopita nilitamani programu mpya ya kuchora. Kompyuta ilikuwa ya Debian, na toleo jipya nililiona kwa Ubuntu. Nikawaza: Ubuntu ilizaliwa mwaka 2004 kutokana na Debian, na zote zatumia apt; basi ni ndugu. Nikaliandika ghala la Ubuntu katika orodha ya Debian. Karani alitii, akabadilisha hata vitu vya msingi ambavyo programu nyingine zavitegemea. Nilipoiwasha tena, kioo kilikuwa cheusi. Nami, kwa pupa ya kuficha kosa, nikaisimika upya bila kutoa kwanza kazi za watu zilizokuwamo. Mdogo wetu wa kidato cha pili alipoteza insha yake ya mashindano. Aliniangalia bila kusema neno. Heri angenitukana.

Wengine watasema wingi wa aina ni fujo. Sikubali. Debian, iliyoanza mwaka 1993, hutoa toleo jipya kila miaka miwili hivi. Fedora kila miezi sita hivi. Arch haingoji toleo, hubadilika kila mara. Kila moja ina watu wake. Hata zile kompyuta ndogo za XO, ambazo wengi wetu tulijifunzia katika shule za msingi za Rwanda, mfumo wake ulijengwa juu ya Fedora. Siidharau basi.

Lakini shule yetu ina intaneti ya kusuasua na kompyuta zitumiwazo na wengi. Kwetu lafaa lile lisilobadilika haraka, yaani Debian. Tena, tukichukua kompyuta moja kuukuu na kuiwekea apt-cacher-ng, kila kifurushi kitapakuliwa mara moja tu. Kompyuta ya kwanza ikikiomba, nyingine zote zitakichukua papo hapo chumbani. Tukiwa na aina tatu, tutapakua mara tatu. Mshika mawili moja humponyoka; sembuse mshika matatu?

Mwenye kupenda Arch aitumie katika kompyuta yake mwenyewe, wala tusimcheke; atajifunza mengi. Bali katika kompyuta ya wote, mtu asiongeze ghala geni bila kumwuliza mwalimu, na asiguse kitu kabla ya kuweka nakala ya kazi za wenzake.

Nanyi wazee wetu mliopita hapa, twawashukuru kwa misaada yenu. Mwenye diski asiyoihitaji atukumbuke: ghala letu litaanzia hapo.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Gisenyi